Kurudi Shambani: Historia ya Kupima Hali ya Ardhi ya Kilimo kutoka Githongo hadi Embu

Mteremko wa mashariki wa Mlima Kenya huanzia kwenye mawe na barafu ya kilele chenye urefu wa mita 5,199, hupitia ukanda wa mianzi na msitu mzito, kisha hufunguka ghafla kuwa mashamba. Mojawapo ya mahali ambapo badiliko hilo huonekana wazi ni Githongo, katika Imenti ya Kati, Kaunti ya Meru, ambako chai iliyopandwa karibu na ukingo wa msitu hukutana kwa upande wa chini na mibuni, migomba na miti ya grevilea iliyopandwa mipakani. Anayeshuka kutoka hapo kuelekea mto Tana huacha nyuma yake chai, kisha kahawa, kisha mahindi na maharagwe, na kabla ya siku kwisha huwa amefika Tharaka, nchi ya joto na mvua haba, ambako watu hutegemea mtama, uwele, ndengu na mbuzi. Mpangilio huohuo hujirudia kusini, kutoka Runyenjes na mji wa Embu kushuka hadi Mbeere, kiasi kwamba eneo zima laweza kusomwa kama ngazi moja ndefu yenye vidato vinavyotofautiana kwa baridi, kwa mvua na kwa aina ya udongo.

Ngazi hiyo imepimwa mara nyingi tangu miaka ya 1930, na sababu za kuipima zimekuwa zikibadilika: mara hofu ya mmomonyoko, mara haja ya kujua zao gani lipandwe wapi, mara mashaka kuhusu rutuba inayopungua bila kuonekana kwa macho. Hata hivyo kupima si sawa na kufuatilia. Ufuatiliaji wa hali ya ardhi, kwa maana inayotumika katika maelezo haya, ni kupima kitu kilekile, mahali palepale na kwa njia inayolingana, baada ya muda uliopangwa, ili ijulikane kama ardhi inaboreka, inadhoofika au imebaki ilivyokuwa. Ikipimwa kwa kigezo hicho, historia ya mashamba ya Meru na Embu ni historia ya ziara nyingi za kwanza na marejeo machache mno, na thamani ya kila kazi iliyofanywa inategemea zaidi kama kuna mtu aliyerudi kuliko ukubwa wa kazi yenyewe.

Kabla ya maafisa wa serikali kufika, kurudi kulikuwa sehemu ya kilimo chenyewe. Frank Bernard, katika kitabu chake cha mwaka 1972 kuhusu mabadiliko ya kilimo cha Wameru, alieleza jinsi familia zilivyomiliki vipande vya ardhi katika miinuko tofauti, vingine juu kwenye migomba na magimbi, vingine chini kwenye mtama na mbaazi, ili mvua ikikosa sehemu moja chakula kipatikane sehemu nyingine. Shamba lililochoka lililazwa, yaani liliachwa bila kulimwa kwa miaka kadhaa hadi mimea ya porini irudi, na aliyetaka kulifungua tena aliangalia ni mimea gani iliyoota kabla ya kuamua. Elimu hiyo haijapotea. Utafiti uliofanywa katika maeneo ya Chuka na Gachoka na kuchapishwa mwaka 2007 uliwaomba wakulima waoneshe vipande vyao vyenye rutuba na visivyo na rutuba, kisha udongo wa vipande hivyo ukapelekwa maabara. Wakulima walitaja kongwa, mmea ambao wataalamu huuita Commelina benghalensis, kuwa dalili ya udongo mzuri, na majibu ya maabara kwa sehemu kubwa yalikubaliana na hukumu yao. Mkulima anayelima kipande kimoja kwa miaka thelathini ndiye mfuatiliaji wa kwanza na wa kudumu wa ardhi hiyo, na ni jambo la kusikitisha kwamba miongo mingi ilipita kabla ya wapimaji kufikiria kumuuliza.

Umiliki wa ardhi nao ulikuwa na kumbukumbu zake. Mipaka ya koo na mashauri ya ardhi yalikuwa mikononi mwa wazee, na kwa Wameru baraza la juu kabisa lilikuwa Njuri Ncheke. Habari nyingi zilizoandikwa kuhusu desturi hizo zilitoka kwa H. E. Lambert, afisa wa utawala aliyehudumu Meru katika miaka ya 1930, ambaye wasomi wa Kiswahili humkumbuka zaidi kwa uchunguzi wake wa lahaja za pwani. Maandishi yake kuhusu umiliki wa ardhi yanasaidia kueleza jambo ambalo wapimaji wa udongo waliokuja baadaye walilipuuza, nalo ni kwamba hali ya shamba haiwezi kutenganishwa na haki ya mtu juu ya shamba hilo, kwa kuwa asiye na uhakika wa kubaki hana sababu ya kujenga kinga ya maji.

Hofu ya mmomonyoko ilifika Kenya katika muongo ambao vumbi la mashamba ya Marekani lilikuwa likipeperushwa hadi miji ya mbali, na serikali ya kikoloni ilianza kuitazama kila korongo kama dalili ya maafa yanayokuja. Mwaka 1937 Sir Frank Stockdale, mshauri wa kilimo wa Wizara ya Makoloni ya Uingereza, alizuru Afrika Mashariki na kuandika taarifa kuhusu mmomonyoko wa udongo. Wakati huohuo idara ya kilimo ya Kenya ilimpa Colin Maher jukumu la kuongoza kazi ya kuhifadhi udongo. Maher alizunguka Ukambani na kuandika aliyoyaona, kisha mwaka 1938 akatoa taarifa kuhusu mmomonyoko na matumizi ya ardhi katika hifadhi ya Embu, yaani eneo lililotengwa na serikali kwa wenyeji. Njia yake ilikuwa kutembea na kutazama: alikadiria mwinamo wa miteremko, akaandika palipochimbika makorongo, akaeleza mazao na mifugo, na akatoa hukumu. Jicho lake lilikuwa kali, na maelezo yake yanabaki kuwa miongoni mwa picha za awali za hali ya ardhi ya Embu. Udhaifu wake ni kwamba aliona kosa la mkulima kwa urahisi zaidi kuliko alivyoona sababu za kosa hilo, hasa mipaka ya hifadhi iliyozuia watu kuhama ardhi yao inapochoka, na kwamba hakuacha alama yoyote ardhini ambayo mtu wa baadaye angeweza kuirudia na kupima tofauti.

Kazi yenye uvumilivu zaidi ilikuwa ikifanyika Amani, katika milima ya Usambara, ambako Geoffrey Milne, mwanakemia wa udongo, alikuwa akikusanya habari kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Mwaka 1935 Milne alitoa wazo la katena, neno lenye asili ya Kilatini linalomaanisha mnyororo, kueleza jinsi aina za udongo zinavyofuatana kutoka kilele cha kilima hadi bondeni kwa mpangilio unaojirudia kilima baada ya kilima, kwa sababu maji huosha juu na kulimbikiza chini. Mwaka uliofuata ilitoka ramani ya kwanza ya udongo wa Afrika Mashariki. Kwa nchi ya migongo mirefu na mabonde membamba kama ile iliyo kati ya Githongo na Nkubu, wazo hilo lilikuwa na maana kubwa kuliko ramani yenyewe, kwani lilionesha kwamba sampuli moja iliyochukuliwa mahali popote haiwezi kusimama badala ya shamba zima: udongo wa mgongoni, wa ubavuni na wa kando ya mto ni ndugu wa familia moja lakini hawana afya sawa.

Katikati ya miaka hiyo ya 1930 Waafrika wa Meru, Embu na Kisii waliruhusiwa, kwa majaribio, kupanda kahawa, zao ambalo hadi wakati huo lilikuwa limehifadhiwa kwa walowezi. Maeneo hayo yalichaguliwa kwa kuwa yalikuwa mbali na mashamba ya Wazungu, waliodai kuogopa magonjwa ya mimea na wizi. Kibali kilikuja na masharti: idadi ya mibuni iliwekewa kikomo, mashimo yalichimbwa kwa vipimo, udongo ulifunikwa kwa nyasi kavu, na penye mwinamo ilipasa kutengeneza matuta. Maafisa walipita kukagua na aliyekiuka aliweza kung'olewa miti yake. Ukaguzi huo ulikuwa wa kwanza kurudia mashamba ya watu binafsi katika eneo hili, na pamoja na ukali wake ulifanya kazi ambayo taarifa za Maher hazikuifanya, kwa sababu mkulima aliona faida ya matandazo katika kahawa yake mwenyewe.

Baada ya Vita Kuu ya Pili uhifadhi wa udongo uligeuka kuwa kazi ya lazima. Wanaume na wanawake waliitwa kuchimba matuta siku zilizopangwa, bila malipo, chini ya machifu, na uchungu wa kazi hiyo ulichangia hasira zilizolipuka katika nyanda za juu za kati. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, Embu na Meru ziliingizwa ndani yake, watu wakahamishiwa vijiji vilivyozungushiwa handaki na walinzi, na matuta yakachimbwa kwa wingi kama adhabu. Ni wazi kwa nini mengi ya matuta hayo yalibomolewa au kuachwa yabomoke mara tu mkono wa nguvu ulipolegea. Kwa upande wa kumbukumbu, hata hivyo, muongo huo uliacha hazina mbili. Ya kwanza ni picha za anga, zilizopigwa kutoka ndege kwa ajili ya kutengeneza ramani, ambazo kwa mara ya kwanza zilionesha kila shamba, kila njia na kila kipande cha kichaka kama vilivyokuwa. Ya pili ni mpango wa R. J. M. Swynnerton wa mwaka 1954, uliokusudia kuunganisha vipande vya familia kuwa shamba moja lenye hatimiliki na kuruhusu mazao ya biashara kwa Waafrika wengi. Upimaji wa mipaka uliotokana na mpango huo ulikamilika mapema Embu kuliko Meru, ambako katika sehemu kadhaa uliendelea miongo mingi baada ya uhuru.

Hatimiliki ilimpa mkulima uhakika, lakini pia ilivunja utaratibu wa kuwa na vipande juu na chini, hivyo familia iliyobaki Githongo na ekari chache za juu ikalazimika kuzilima kila msimu bila kuzilaza. Tangu hapo swali la rutuba lilibadilika sura. Miongoni mwa waliolitambua mapema ni Leslie Brown, aliyehudumu Embu kama afisa wa kilimo kabla ya kupanda hadi ngazi za juu za idara. Brown alikuwa pia mtaalamu mashuhuri wa ndege, na alirudi mwaka baada ya mwaka kwenye kilima kimoja cha Embu kuangalia viota vilevile vya tai, akiandika ni jozi ipi imetaga, ni kinda gani limeruka na ni kiota kipi kimeachwa. Rekodi hiyo ya tai ni mfano bora wa ufuatiliaji kuliko chochote ambacho idara yake ilifanya kwa udongo uliokuwa chini ya miti hiyohiyo.

Serikali ya Kenya huru haikutupa sheria za uhifadhi. Kanuni za matumizi ya msingi ya ardhi za mwaka 1965, zilizotungwa chini ya Sheria ya Kilimo, zilikataza kulima mteremko unaozidi asilimia 35, yaani unaopanda zaidi ya mita 35 kwa kila mita 100 za mlalo, na zilitaka mteremko wa kati ya asilimia 12 na 35 ulimwe pale tu udongo wake umekingwa. Katika nchi ya Imenti, ambako mashamba mengi huteremka hadi mtoni, kanuni hizo zingetekelezwa kikamilifu zingewakosesha watu wengi chakula, kwa hiyo zilibaki kuwa onyo zaidi kuliko amri. Mafanikio yalitoka kwingine. Mwaka 1974, kwa msaada wa Sweden, ulianza mpango wa taifa wa kuhifadhi udongo uliotegemea maafisa wa nyanjani, mafunzo na miche badala ya faini. Kinga iliyoenea zaidi ni fanya juu, ambapo mkulima huchimba mtaro kufuata usawa wa mteremko na kutupa udongo upande wa juu wa mtaro, kisha hupanda nyasi za nepia kwenye tuta. Mvua husukuma udongo hadi kwenye tuta hilo, na baada ya misimu kadhaa mteremko hugeuka wenyewe kuwa ngazi. Ng'ombe wa maziwa walikula majani ya nepia, samadi ikarudi shambani, na kinga ikadumu kwa sababu ilikuwa na mlaji.

Mpango huo ulipanuka katika miaka ya 1980. Mwaka 1981 iliundwa tume ya kudumu ya rais ya kuhifadhi udongo na kupanda miti, na mwishoni mwa muongo huo kazi ilihamishwa kutoka shamba moja moja hadi eneo zima linalomwaga maji yake kwenye kijito kimoja, likisimamiwa na kamati ya wakazi. Kasoro ilikuwa katika takwimu. Taarifa za kila mwaka zilihesabu kilomita za matuta zilizochimbwa, mashamba yaliyopangwa na miche iliyogawiwa, yaani zilihesabu jasho la watu na bajeti ya mradi, lakini mara chache sana zilisema udongo kiasi gani uliacha kupotea au tuta lililochimbwa miaka mitano kabla lilikuwa bado limesimama. Kazi yenye manufaa makubwa kwa nchi ilikosa ushahidi wake yenyewe.

Wakati huohuo kundi jingine la wataalamu lilikuwa likijibu swali tofauti: ni nini kilichopo, na kinafaa nini. Ofisi ya upimaji wa udongo ya Kenya, iliyoanzishwa Kabete mwaka 1972 kwa ushirikiano na Uholanzi, ilitoa mwaka 1982 ramani ya udongo wa nchi nzima kwa kipimo cha moja kwa milioni moja, iliyoandaliwa na Wim Sombroek na wenzake. Katika ramani hiyo sehemu kubwa ya ukanda wa kahawa na chai wa Meru na Embu imechorwa kama nitisoli, udongo mwekundu wenye kina kirefu uliotokana na mawe ya volkano, unaopitisha maji vizuri na kushika unyevu, ingawa pia hufunga fosforasi kwa nguvu kiasi kwamba mizizi huipata kwa shida. Juu zaidi, karibu na msitu, kuna udongo mweusi mwepesi wa majivu ya volkano, na chini, kuelekea Mbeere na Tharaka, udongo huwa wa mchanga zaidi na wenye kina kidogo.

Ndani ya miaka hiyohiyo Ralph Jaetzold na Helmut Schmidt walitoa kitabu cha mwongozo wa usimamizi wa mashamba ya Kenya, kilichogawanya nchi katika kanda za kilimo kwa herufi na tarakimu. Herufi hueleza joto: LH ni nyanda za juu za chini, zenye wastani wa nyuzi 15 hadi 18 za Selsiasi, UM ni ukanda wa kati wa juu, nyuzi 18 hadi 21, LM ni ukanda wa kati wa chini, nyuzi 21 hadi 24. Tarakimu hueleza unyevu, na kadiri inavyopanda ndivyo ukavu unavyozidi. Kwa hiyo LH1 ni kanda ya chai na maziwa, UM1 ya kahawa na chai, UM2 ya kahawa hasa, LM3 ya pamba, na LM5 ya mifugo na uwele. Jambo lililokifanya kitabu hicho kidumu kwenye meza za maafisa wa kilimo ni kwamba hakikutoa wastani wa mvua peke yake, ambao huficha misimu mibaya, bali kilionesha kiasi cha mvua kinachoweza kutegemewa kupitwa katika miaka sita kati ya kumi, tena kwa misimu miwili mbalimbali. Wakulima wa Meru na Embu, ambao huamini mvua za Oktoba hadi Desemba kuliko za Machi hadi Mei, walilijua hilo zamani, lakini sasa lilikuwa limeandikwa kwa namna ambayo benki na wizara zingeweza kulisoma. Toleo la pili, lililotoka katika miaka ya 2000, lilirudi kwenye kanda zilezile likiwa na takwimu mpya, na kwa sababu hiyo ni miongoni mwa kazi chache zinazoruhusu ulinganisho wa kweli.

Mshtuko mkubwa ulitoka kwenye hesabu za virutubisho. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Kiholanzi, Eric Smaling na wenzake, waliikokotoa ardhi kama mfanyabiashara anavyokokotoa daftari lake: upande mmoja waliweka vinavyoingia, yaani mbolea ya viwandani, samadi, vinavyoletwa na mvua, nitrojeni inayonaswa na mimea ya jamii ya kunde, na mashapo yanayoachwa na maji, upande wa pili waliweka vinavyotoka, yaani mavuno, mabua yanayoondolewa, vinavyozama chini ya mizizi, vinavyogeuka hewa, na vinavyochukuliwa na mmomonyoko. Kwa Kisii walipata upungufu wa kilo 112 za nitrojeni, 3 za fosforasi na 70 za potasiamu kwa kila hekta kwa mwaka, katika wilaya iliyodhaniwa kuwa ghala la rutuba. Mbinu hiyo ilifanyiwa majaribio katika ngazi ya shamba kwa jina la NUTMON, kwenye mashamba 26 ya Kisii, Kakamega na Embu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1998 yalionesha wastani wa upungufu wa kilo 71 za nitrojeni na 9 za potasiamu kwa hekta kwa mwaka, huku fosforasi ikizidi kwa kilo 3 kutokana na mbolea iliyonunuliwa.

Tarakimu hizo zilinukuliwa kote duniani, mara nyingi bila tahadhari waliyoiweka watunzi wake. Mizania ni mwendo, si akiba: shamba lenye nitisoli ya kina kirefu laweza kupoteza kilo nyingi kila mwaka kwa muda mrefu kabla ya mavuno kushuka, ilhali shamba la mchanga la Mbeere laweza kuporomoka kwa upungufu mdogo zaidi. Aidha, baadhi ya vipengele vya hesabu hiyo, hasa vinavyozama na vinavyogeuka hewa, havikupimwa shambani bali vilikadiriwa kwa kanuni za kihesabu, na wakosoaji waliuliza kwa haki kama wastani wa mashamba machache unaweza kubeba sera ya bara zima. Pamoja na hayo faida ya NUTMON kwa Embu ilikuwa ya kweli, kwa sababu watafiti walikaa na familia, wakachora pamoja nazo njia ambazo samadi, mabua na chakula hupitia, na familia zikaona kwa mara ya kwanza kwamba rutuba ya shamba la mbali ilikuwa ikihamishiwa kwenye migomba ya nyuma ya nyumba.

Kwa upande wa marejeo hakuna mahali palipofanya vema kuliko Machang'a, huko Mbeere, katika ukanda mkavu. Kuanzia 1989 watafiti wa taasisi ya utafiti wa kilimo, wenye kituo chao Embu, waliweka vipande vya majaribio vilivyopewa samadi ya mbuzi kwa viwango vya tani 5 na 10 kwa hekta kwa mwaka, vingine bila chochote, na wakaendelea kuvuna na kupima vipande vilevile kwa zaidi ya miaka kumi. Baadhi ya vipande viliachishwa samadi baada ya miaka minne ili ijulikane itachukua muda gani faida yake kwisha. Ilionekana kwamba athari ya samadi haikukoma ilipokoma kuwekwa, bali iliendelea kuonekana katika mavuno kwa miaka kadhaa. Hakuna ziara ya siku moja, wala sampuli moja hata ichambuliwe kwa ustadi gani, ambayo ingeweza kugundua hilo.

Kutazama kutoka juu kulirudi mwanzoni mwa karne hii. Mradi ulioitwa LUCID, uliowakutanisha watafiti wa Kenya na wa nje, ulizilinganisha picha za anga za miaka ya 1950 na picha za baadaye za miteremko ya Embu na Mbeere, ukaongeza picha za setilaiti na mahojiano na wakazi. Sehemu za juu zilionekana kuwa zimeshalimwa kwa kiasi kikubwa tangu picha za kwanza, na mabadiliko yake yalikuwa ya ndani ya shamba, kutoka mazao ya chakula kwenda kahawa, chai na miti. Sehemu za chini ndizo zilizobadilika sura kabisa, vichaka na malisho vikawa mashamba. Msitu nao ulikuwa na mfano wake. Mwaka 1999 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya liliruka juu ya misitu ya Mlima Kenya na Imenti na kuandika ukataji wa miti, tanuri za makaa, bangi, na mashamba yaliyofunguliwa kwa mfumo wa shamba, yaani kulima mazao kati ya miche ya msitu, bila miche kurudishwa, uharibifu ukiwa mkubwa hasa Imenti ya chini. Mwaka 2000 msitu huo ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, na uchunguzi wa kutoka angani uliporudiwa mwaka 2002 ulionesha kwamba uharibifu ulikuwa umepungua. Miaka mitatu tu kati ya tazamo la kwanza na la pili ilitosha kuthibitisha kwamba hatua iliyochukuliwa ilifaa. Mashamba yanayopakana na msitu huo hayajawahi kupewa uangalizi wa namna hiyo.

Katika Githongo yenyewe swali la leo ni la uchachu wa udongo, yaani kiwango cha tindikali. Chai iliyofunga majani hulinda ardhi dhidi ya mvua kuliko zao lolote la msimu, na hupenda udongo mchachu. Mbolea yake ya kawaida, NPK ya 26:5:5, ambayo wakulima huipata kupitia KTDA, wakala wa maendeleo ya chai wa Kenya, na kukatwa malipo yake kidogo kidogo, huongeza uchachu huo mwaka baada ya mwaka. Madhara hayaonekani mpaka mkulima ang'oe sehemu ya chai ili apande mahindi, maharagwe au parachichi, ndipo agundue kwamba mizizi haiendi. Chokaa ingesaidia, lakini kiasi kinachohitajika hakiwezi kukisiwa kwa macho, na gharama ya kupima imekuwa kizuizi. Upande huo vifaa vimebadilika. Tangu 2009 mradi wa habari za udongo wa Afrika umetumia mwanga wa infraredi, unaomulikwa juu ya udongo mkavu uliosagwa na kusoma kaboni, uchachu na sifa nyingine kwa dakika chache, kwa gharama ndogo kuliko kemia ya kawaida. Mbinu iliyoambatana nao, iliyoendelezwa na kituo cha utafiti wa kilimo-misitu kilichoko Gigiri, Nairobi, huchagua eneo la kilomita 10 kwa 10, hulipanga katika makundi 16 yenye vituo 10 kila kundi, na huandika nukta ya kila kituo kwa setilaiti, ili baada ya miaka mtu mwingine aweze kusimama palepale.

Umoja wa Mataifa nao, katika kigezo cha 2.4.1 cha malengo yake ya maendeleo endelevu, huzitaka nchi zieleze ni sehemu gani ya ardhi ya kilimo inayolimwa kwa njia yenye tija na endelevu, kwa kutumia vipimo 11 vya uchumi, jamii na mazingira, vikirudiwa kila baada ya miaka mitatu. Tangu Katiba ya 2010 kuhamishia huduma za kilimo kwenye kaunti, mzigo wa kupata majibu ya namna hiyo umeangukia Meru, Tharaka Nithi na Embu, ambazo maafisa wao wa nyanjani ni wachache kwa idadi ya wakulima.

Ipo lakini kumbukumbu moja katika eneo hili ambayo haijawahi kukatika na ambayo hakuna mtaalamu wa udongo aliyeianzisha. Kila mkulima wa kiwanda cha chai cha Githongo ana namba, na kila mara majani yake yanapofikishwa kwenye kituo cha kununulia hupimwa na kilo zake huandikwa dhidi ya namba hiyo, mara kadhaa kwa mwezi, msimu wa mvua na wa baridi, kizazi hata kizazi. Kiwanda hujua pia idadi ya miche yake na mifuko ya mbolea aliyochukua. Vyama vya ushirika vya kahawa vina madaftari yanayofanana na hayo. Kilo za majani kwa kila mche, zikiwekwa kando ya kilo za mbolea na ya sampuli moja ya udongo inayochukuliwa kila miaka mitatu kwenye nukta ileile, zingeonesha ni miteremko ipi inayodai mbolea zaidi ili itoe mavuno yaleyale, na hiyo ndiyo dalili ya mapema ya ardhi inayochoka. Picha za anga za miaka ya 1950 zimo katika idara ya upimaji ardhi huko Ruaraka, taarifa za udongo zimo Kabete, na kilo zimo kiwandani. Kinachosubiriwa ni kaunti na kiwanda kukubaliana kuhusu nani atachukua sampuli ya kwanza, nani atalipia ya pili, na kwa utaratibu gani majibu yatachapwa kwenye stakabadhi ileile ya mwezi ambayo mkulima huipokea na kuisoma.